Siku ya wazee ya kila wiki mtaani: tuijadili Tabora yetu

Mkaazi wa Ng'ambo (mleta mada)

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za siku. Ninaleta hoja hii kwa sababu mipango ya wazee katika manispaa yetu huzungumzwa kana kwamba ni suala la misaada peke yake. Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 kwa ajili ya wazee duniani, huletwa viti na turubai, wazee hupimwa presha, hugawiwa sukari, sabuni na khanga, kisha yule aliyeambiwa kwamba presha yake iko juu hurudi nyumbani na kikaratasi akisubiri Oktoba nyingine. Sherehe siilaumu, mzee akipewa khanga hufurahi, na zamu yangu ikifika nitaipokea kwa mikono miwili. Ninachouliza ni kuhusu wiki zote zinazobaki katika mwaka.

Pendekezo langu ni kwamba kila mtaa uwe na asubuhi moja ya wiki iliyotengwa kwa wazee, mahali pale pale na saa ile ile, jua likiwa bado halijakali, tena pawe karibu kiasi kwamba bibi anayetembelea fimbo afike bila kulipia bodaboda. Asubuhi hiyo wazee wafanye mazoezi mepesi, wapimwe presha na vipimo viandikwe, wanywe uji, wazungumze, na aliyekosekana aulizwe habari zake kabla jua halijazama. Hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mzee anayeishi peke yake, ambaye watoto wake wako Dar es Salaam, Mwanza au Kahama, anaweza kuugua tangu Jumatatu na jirani akajua Alhamisi.

Wapo wanaosema kwamba tusubiri kwanza jengo lipatikane. Sioni haja. Tabora ina upungufu wa mambo mengi, lakini vivuli vya miembe haikupungukiwa, na wazee wetu wa kiume wamekuwa wakikutana chini yake tangu enzi za babu zao kwa bao, kahawa na kashata. Wazee wa kike nao wana mahali pao: vikundi vya kuweka na kukopa, madarasa ya dini, jumuiya ndogondogo za kanisa. Mpango wenye akili huwafuata watu walipo. Ukijenga ukumbi mbali kidogo, wakauzindua kwa utepe, baada ya miezi utakuta umehifadhi mifuko ya saruji.

Kuhusu mazoezi, nawaomba wasomaji wasicheke. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na mazoezi ya kuusaidia mwili usiyumbe siku tatu au zaidi, ili kupunguza hatari ya kuanguka. Kuanguka si jambo dogo uzeeni. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi habari hubadilika kabisa: aliyekuwa akienda sokoni mwenyewe anakuwa mtu wa kugeuzwa kitandani, vidonda vinafuata, na familia nzima inabadili ratiba yake. Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa. Ni kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa bila kujisukuma kwa mikono, kusimama kwa mguu mmoja huku mtu ameshika ukuta, na kutembea kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya mguu ule. Anayeona ni mchezo wa watoto ajaribu hilo la mguu mmoja akiwa amefumba macho, ila awe na mtu wa kumdaka.

Naomba maoni yenu, hasa ya wale waliowahi kuendesha jambo kama hili, na ya wale wanaoona kwamba haliwezekani.

Muuguzi Mstaafu

Ahsante mwanangu kwa kuleta hoja hii. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu, na ningependa kulitilia mkazo suala la kupima na kuandika, kwa sababu ndipo tunapoharibu.

Kipimo kimoja cha presha kilichochukuliwa chini ya turubai, mzee ametembea kwa haraka, amepanga foleni amesimama, na mziki unapigwa pembeni, hakitoshi kumwambia mtu kwamba ana ugonjwa. Mzee anatakiwa aketi dakika tano akiwa ametulia, mgongo umeegemea, miguu haikupishanishwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda wa kipimo uvishwe mkono mtupu, si juu ya sweta. Awe hajavuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita, jambo ambalo kwa wazee wa kijiweni ni mtihani. Ikiwa namba ni 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine. Ikiendelea hivyo, ndipo aandikiwe rufaa ya kwenda zahanati. Kwa hiyo mkutano wa kila wiki una faida ambayo siku ya maadhimisho haiwezi kuwa nayo: unaliona jambo likijirudia.

Kila mzee awe na daftari lake dogo, liwekwe tarehe, namba zote mbili na majina ya dawa anazotumia. Nimeona wazee wengi wakiacha dawa kwa sababu wamejisikia nafuu, na wengine wakimeza za jirani kwa kuwa rangi ya kidonge inafanana. Daftari likisomwa kila wiki na mtu mmoja anayemfahamu, mambo hayo hugundulika mapema. Vilevile wanaotumia dawa za presha wafundishwe kutoinuka ghafla alfajiri: kwanza kuketi ukingoni mwa kitanda, kupumua kidogo, ndipo kusimama. Wengi wa wanaoanguka usiku wanakwenda chooni, tena choo cha nje, gizani. Tochi yenye betri nzima ni sehemu ya matibabu.

Nasema pia kuhusu msamaha wa malipo ya matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na utaratibu wa serikali ni kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Lakini mtu huyo lazima atambuliwe, aandikishwe mtaani na apewe kitambulisho. Wenye nguvu za kufuatilia hukipata, na wale ambao miguu imegoma hubaki bila. Msaidizi wa mtendaji akifika katika mkutano wa wiki na daftari lake la uandikishaji, kazi ya miezi inaisha asubuhi moja.

Mpiga Hesabu wa Isevya

Shikamoo Mama Muuguzi. Ndugu mleta mada, nimesoma kwa makini, na ninaheshimu nia yako, ila ninaona kwamba unaanzia juu ya paa. Mzee anayelala na njaa hahitaji kusimama kwa mguu mmoja. Anahitaji fedha mkononi, ndogo lakini ya uhakika.

Tuwaangalie wenzetu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kulipa pensheni jamii kwa kila mzee mwenye miaka 70 na kuendelea, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi. Kiwango kilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye kikapandishwa. Huku Bara, mkulima wa tumbaku wa Urambo aliyelipa ushuru wa mazao maisha yake yote hana pensheni ya namna hiyo. Kuna mfuko wa serikali wa TASAF, ambao unasaidia, lakini fedha ile ni ya kaya maskini iliyoandikishwa, si ya mzee kwa sababu ya uzee wake, na mzee anayeishi nyumbani kwa mwanawe mwenye bajaji anaweza kuonekana kuwa kaya yake haistahili, hata kama sahani yake ndiyo ya mwisho kupakuliwa.

Ongeza na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Bibi anaweza kupita mlango wa wanawake. Babu mwenye miaka 66, mzima wa viungo, mwenye ujuzi wa kuchonga mizinga, anapita mlango gani? Ukinijibu hilo, nitakuja kunywa uji.

Binti wa Urambo

Hodi katika uzi. Mimi nimelelewa na bibi yangu, na ninaandika nikiwafikiria bibi wa vijijini, kwa sababu mjadala huu mpaka sasa una harufu ya mjini.

Kwanza, bibi hana asubuhi. Wazazi wakiondoka kutafuta maisha, wajukuu hubaki kwake, na asubuhi hiyo anayoisema mleta mada yeye anakuwa ameshawapeleka wengine shule, ana mmoja mgongoni, na bado hajapata maji. Mkutano wowote usiokubali mtoto mchanga aje na bibi yake utakuwa mkutano wa akina babu, hata ukiuita wa wazee. Huko Muleba mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee, lililoanza mwaka 2003, lilichukua mwelekeo huo tangu mwanzo: liliwapa fedha ndogo ya kila mwezi wazee wanaolea wajukuu, na likawatazama bibi na mjukuu kama jambo moja. Kwa hiyo namwambia kaka yangu wa Isevya kwamba hoja yake ya fedha na hoja ya mleta mada si maadui.

Pili, lipo jambo ambalo wote mmelipita kwa staha, nami nitalisema. Katika Unyamwezi na Usukuma, bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake amekuwa akiishi kwa hofu kwa miaka mingi. Macho yale yamefanywa mekundu na moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, lakini kuna watu waliouawa kwa sababu yake, baada ya mganga kupiga ramli na kunyoosha kidole. Katika kijiji chenye historia hiyo, bibi huogopa kutoka na huogopa kutotoka. Akijifungia, wanauliza anafanya nini ndani. Mkutano wa wiki ungekuwa ulinzi wake, ikiwa tu majirani vijana wanaonekana pale wakimsalimia, wakimpokea fimbo, wakimpimia presha mbele ya watu. Anayetambulika na wengi kwa jina si rahisi kumzushia.

Tatu, macho yenyewe. Wazee wengi wanaoitwa vipofu kijijini wana mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekewa lenzi. Asichojua mzee ni kwamba unatibika. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumsindikiza mjini na kumrudisha. Kikundi kikiwa na orodha ya watu wake, madaktari wa macho wanapotembelea wilaya hawatafutwi na kila mtu kivyake, bali wote huletwa na gari moja.

Mwana Ujiji

Nawasalimu kutoka mwisho wa reli. Huku Kigoma tuna hali inayofanana na hiyo, ila ningependa kuongeza jambo moja. Wazee wetu wengi wa mwambao wamekuwa wakifanya kazi za nguvu: kuvuta nyavu, kuanika dagaa, kukamua mawese. Wanapoacha kazi, huacha yote kwa siku moja. Bibi aliyekuwa akiinama kuanika dagaa tangu alfajiri anaambiwa na watoto wake, kwa upendo kabisa, "Mama, sasa kaa upumzike." Anakaa. Baada ya mwaka magoti hayakunjuki. Mimi naona kwamba nusu ya kazi ya mpango huu ni kuwafundisha watoto wasiwapumzishe wazazi wao kupita kiasi. Kazi ipunguzwe, isifutwe.

Mkaazi wa Ng'ambo (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimejifunza hasa kwa Binti wa Urambo, na ninakubali kwamba saa lazima ipangwe na bibi wenyewe. Ikiwa watataka alasiri baada ya wajukuu kurudi kutoka shule, basi iwe alasiri, ingawa kwa joto letu la Septemba na Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, itabidi kivuli kiwe kizito na maji ya kunywa yasikosekane, kwa maana mzee hukaukiwa maji bila kuhisi kiu.

Kwa ndugu yangu wa Isevya: mlango wa babu haupo, na sitajifanya kuuona. Hata hivyo naomba ulitazame suala hili kwa upande mwingine. Pensheni jamii huamuliwa Dodoma. Siku ya wiki mtaani huamuliwa na mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, mganga mfawidhi wa zahanati na wazee wenyewe. Zaidi ya hayo, wazee wanaokutana kila wiki wana sauti ambayo wazee waliotawanyika hawana. Tayari kuna muundo wa mabaraza ya wazee unaoanzia ngazi ya chini hadi taifa, lakini tuseme ukweli, katika mitaa mingi baraza hilo ni majina ubaoni yanayoamshwa wakati mgeni rasmi anapokuja. Baraza lenye kikao kila wiki, lenye daftari linaloonyesha wangapi hawana vitambulisho na wangapi waliandikiwa dawa wakaambiwa wakanunue dukani, likienda kwa diwani wakati wa bajeti lina kitu cha kuweka mezani. Hiyo asilimia 10 unayoisema haitagawanywa upya na huruma.

Ningependa pia tuache kumtazama mzee kama mpokeaji wa huduma peke yake. Mwaka 2006 mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, katika nchi iliyokuwa na madaktari wachache mno wa fani hiyo, alianza kwa kuwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare kuwasikiliza watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na kuwasaidia kulipanga tatizo lao hatua kwa hatua, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki. Mpango ule umefanyiwa utafiti, umeonekana kupunguza dalili za ugonjwa, na umeigwa katika nchi nyingine. Wanaosikiliza ni wazee. Wanaokuja kusikilizwa ni watu wa rika zote. Sisi tunao bibi wenye busara hiyo hiyo, waliosuluhisha ndoa za nusu ya mtaa bila benchi wala mafunzo, halafu tunawaalika mara moja kwa mwaka kupokea sabuni.

Kijana wa Chemchem

Shikamooni wazee wangu. Swali fupi: sisi vijana tuje kufanya nini? Presha sijui kupima.

Muuguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Utafundishwa, ni kazi ya siku moja. Lakini kuna jambo unalolijua kuliko mimi, nalo ni simu. Wazee wengi fedha zao, ziwe za watoto, za TASAF au za pensheni, hupita kwenye simu, na wako matapeli wanaojua hivyo. Uwafundishe kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu, hata akiwa mjukuu. Wastaafu nao wanahitaji mtu wa kuwasomea ujumbe wa uhakiki, kwa sababu asiyehakikiwa kwa wakati anaweza kusimamishiwa malipo, na kumbe ujumbe ulifika ila herufi zilikuwa ndogo. Hiyo peke yake inatosha kukufanya uwe mtu wa lazima.

Mpiga Hesabu wa Isevya

Sijabadili msimamo kuhusu pensheni, lakini hoja ya daftari kwenda kwa diwani imenigusa, maana hesabu ndiyo lugha yangu. Nijitolee kuliweka. Ila nina wasiwasi na gharama ya uji. Mipango mingi hufa siku sukari inapokwisha.

Mkaazi wa Ng'ambo (mleta mada)

Ndiyo maana sipendi uji uwe kivutio. Kila mzee alete alichonacho: mwingine michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), mwingine karanga, mwingine hana kitu na anakula bila kuulizwa, kama ilivyo desturi yetu. Michembe kwa karanga ni chakula kizuri, ingawa kwa wenye kisukari Mama Muuguzi atusaidie kupanga kiasi. Chumvi ipunguzwe kwa wote. Wafadhili wakija na mfuko wa sukari tutawashukuru, ila mpango usimame siku wasipokuja.

Binti wa Urambo

Na wale wasioweza kutoka kitandani? Hao hatujawataja hata mara moja.

Muuguzi Mstaafu

Umenikumbusha vema, binti. Mkutano ukiisha, wawili wawili waende kwa asiyeweza kufika, wakiwa na kipimo na daftari lake, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii pale alipo. Wasiende kumwombea wakaondoka. Wamgeuze, wamtazame mgongo, nyonga na visigino kama pana wekundu usiopotea ukibonyezwa, kwa sababu kidonda cha kitandani huanza hivyo. Wamuulize anayemhudumia, mara nyingi ni binti au mke wa mtoto, ni lini mara ya mwisho alilala usiku mzima, na mmoja wao abaki pale kwa muda wa saa mbili ili mhudumu huyo naye akapumzike au aende sokoni. Mzee anayerudia maswali, anayepotea njia ya nyumbani au anayeshuku kwamba ameibiwa asichekwe wala asiitwe amerogwa. Apelekwe akachunguzwe, kwa maana wakati mwingine ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wakati mwingine ni maambukizi ya mkojo au dawa zilizochanganywa, mambo ambayo yana tiba.

Kwa mtaa utakaoanza kabla ya wengine, nunueni kipimo kinachovishwa mkono wa juu, si kile cha kifundo cha mkono, tena chenye mkanda unaowatosha wembamba na wanene, maana mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo. Kipelekeni zahanati mara kwa mara kilinganishwe na cha pale. Betri za akiba ziwekwe kwa mtunza daftari.